Kamera Ipi Inunuliwe?

Katika safari yetu ya Shinyanga na Geita tulifikia Kahama, nyumbani kwa mama mmoja mjane, naye akatuwekea mbele jambo ambalo mwanzo tulilidhani dogo. Binti yake amemaliza masomo ya sekondari, na kwa muda wa mwaka mzima amekuwa akifuatana na shangazi yake wa Geita katika kazi ya kupiga picha za arusi upande wa wanawake. Kazi hiyo yatakiwa sana. Nyumba nyingi za Kiislamu hazipendi mwanamume mgeni aingie na kamera mahali walipokaa wanawake, wala hazipendi picha za wake na mabinti zao zikae katika simu ya mtu wasiyemjua. Basi mama ameuza mpunga wa msimu mzima, na binti ameleta majina ya kamera mbili zilizokwisha kutumiwa na wengine, bei zao zikikaribiana: Canon EOS 2000D na Nikon D3500. Akatuuliza ipi inunuliwe.

"Fedha hizi zikipotea," alisema, "hakuna nyingine mpaka mavuno mengine, na mvua iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu." Palikuwa na mtu aliyetaka kumwongezea fedha kwa mkopo wa riba ili anunue kamera kubwa zaidi. Amemkatalia, nasi hatukuwa na la kumwambia katika hilo illa kumwombea kheri.

Wako watakaosema: ya nini kamera, na kila mtu ana simu? Ni kweli kila mtu ana simu, na hiyo ndiyo sababu. Hapana mtu atakayetoa fedha zake apigiwe picha ambayo angeweza kujipigia mwenyewe. Atalipa kwa ile iliyomshinda: picha ya jamaa arobaini chini ya turubai usiku, au sura ya bibi arusi isiyokuwa na giza machoni. Na katika ukanda huu wa dhahabu, tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, miji imekua na arusi nazo zimekua. Shangazi alituambia kwamba baada ya mavuno hapati nafasi ya kupumzika.

Yafaa tuondoe kwanza kosa moja lililoenea. Wanunuzi wengi huuliza megapikseli ngapi, kana kwamba ndiyo mizani ya kamera. Canon hii ina 24.1 na Nikon ina 24.2, tofauti hiyo si kitu. Picha ya kujaza karatasi ya A4 kwa uzuri haihitaji hata megapikseli 9, na picha ya pasipoti haihitaji hata moja kamili. Kitu kikubwa ni sensa, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga. Cha Nikon kina milimita 23.5 kwa 15.6, na cha Canon milimita 22.3 kwa 14.9. Kamera ndogo nyingi za mfukoni zina kibamba cha milimita 6 na kitu kwa 4 na kitu. Basi hizi mbili zawashinda wale wadogo zaidi ya mara kumi kwa eneo, na gizani tofauti hiyo huonekana waziwazi. Kwa hiyo binti alikuwa amechagua vema tangu mwanzo, na shida ilikuwa kati ya hizo mbili tu.

Zote mbili zilitoka mwaka 2018. Kwa hesabu za watengenezaji wenyewe, betri ya Canon hupiga picha 500 kwa chaji moja, na ya Nikon hupiga 1,550. Mtu wa mjini mwenye umeme wakati wote aweza kulipuuza jambo hilo. Lakini anayekwenda kupiga arusi Rwamgasa au Nyarugusu, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, ajua maana yake. Gizani pia Nikon yafika mbali zaidi, nayo ni nyepesi kwa gramu 60. Canon kwa upande wake ina Wai-fai, hivyo mteja aweza kupelekewa picha kwenye simu hapo hapo; Nikon haina, illa Bluetooth ambayo kazi yake ni ya pole pole.

Kwa hesabu hiyo tungalisema Nikon na kumaliza. Lakini kamera si kitu kinachosimama peke yake. Shangazi ana Canon ya zamani, na ana lenzi ya milimita 50 yenye tundu kubwa la mwanga, ambayo yuko tayari kumwazima binti siku zote za kazi. Lenzi hiyo yaingia katika Canon 2000D bila taabu, kwa kuwa kamera hiyo hupokea lenzi zote za EF ambazo Canon ilianza kuzitengeneza mwaka 1987. Katika Nikon haiingii kabisa. Tena Nikon D3500 haina mota ya kulengea ndani yake. Lenzi ya Nikon isiyo na alama ya AF-S au AF-P yafaa kuilenga kwa mkono tu, na katika arusi hapana nafasi ya kulenga kwa mkono. Mnunuzi asiyelijua hilo hununua lenzi kuukuu kwa bei rahisi, kisha akadhani imeharibika. (Na wa Canon naye aangalie: lenzi inayouzwa pamoja na 2000D ziko zenye alama ya IS, ambazo hutuliza mtikisiko wa mkono, na ziko zisizo nayo, na kwa sura zafanana sana.)

Basi tukamwambia mama: kwa nyumba hii, Canon. Akafurahi. Tukaongozana mpaka Geita ili shangazi naye aione kabla fedha hazijatoka, na ni kheri tulifanya hivyo.

Shangazi aliipokea kamera, akafunga lenzi yake, ikakaa vizuri. Kisha akatoa taa yake ya flashi, ile anayoifunga juu ya kamera, taa kuukuu ya bei ndogo yenye pini moja tu ya katikati. Akabonyeza. Taa haikuwaka. Akabonyeza mara ya pili na ya tatu, akabadilisha betri, mambo yakawa yale yale. Akaifunga taa katika kamera yake ya zamani, ikawaka mara moja.

Sababu tuliiona tulipoitazama kamera kwa makini. Baadhi ya kamera za Canon za daraja hili zimetoka kiwandani bila ile pini ya katikati ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiziamrisha flashi za kampuni yo yote. Zataka flashi ya Canon au iliyotengenezwa kuifuata, yenye pini zake nyingine, na bei yake si ya mama wa Kahama. Nikon D3500 pini hiyo inayo. Tulipoijaribu siku ya pili kwa muuzaji mwingine, taa kuukuu ya shangazi ikawaka.

Hapo mambo yakageuka. Canon yapata lenzi ya shangazi na kukosa taa. Nikon yapata taa na kukosa lenzi. Tulimwachia binti aseme mwenyewe, kwa maana ndiye atakayeibeba.

"Shangazi," alisema kwa adabu, "lenzi yako naipenda, lakini arusi zetu ni za usiku. Bila taa nitampiga nani?"

Shangazi akacheka, akasema, "Mwanangu, umenizidi."

Ikabaki kuipima hiyo Nikon, kwa kuwa kampuni imekwisha kuacha kuitengeneza, na kila inayouzwa leo mitaani yaweza kuwa imechoka. Muuzaji alisema haijatumiwa sana. Hatukumkanusha, tulipiga picha moja tu. Nikon huandika ndani ya kila picha hesabu ya mara ambazo shata imekwisha kufunguka, na programu nyingi za kompyuta huisoma. Ilikuwa 14,000 na kitu, hesabu isiyotisha. Kisha tukapiga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo la f/22, tukaikuza, na madoa ya vumbi ya sensa yakaonekana, mawili pembeni. Kamera hizi zote mbili hazijisafishi zenyewe ndani. Katika nchi ya makarasha, ambako mawe husagwa mchana kutwa na unga wake huingia hata ndani ya chai, binti ameahidi kutobadilisha lenzi nje hata siku moja. Kadi ya kuhifadhia picha tuliijaza yote na kuzifungua picha moja moja, kwani kadi za uongo huonyesha ukubwa ambao hazina.

Ndani ya kadi ya yule muuzaji, jambo la kusikitisha, zilikuwamo picha za watu wengine. Alidhani amezifuta. Kufuta picha, na hata kusafisha kadi kwa amri ya kawaida ya kamera, huondoa orodha tu. Picha zenyewe hubaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake, na programu za bure huzirudisha. Binti aliyeaminiwa na nyumba za watu asiuze wala asiazime kadi yake kamwe. Na ile njia ya Bluetooth inayozipeleka picha kwenye simu zenyewe kwa zenyewe, tulimwonyesha mahali pa kuizima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika nchini tangu 2023, lakini kwa binti huyu heshima ya mlango aliofunguliwa ilikuwa imetangulia sheria.

Fedha zikatoka. Zilizobaki zikatosha kadi ya pili na mfuko wa kuzuia vumbi.

Barua yake imetufikia. Arusi ya kwanza ilikuwa Geita, tangu baada ya Isha hata usiku wa manane, umeme ukakatika mara mbili, na betri haikwisha. Picha kumi na moja ziliharibika kwa kuwa mtoto alimvuta mkono. Sasa ataka kununua lenzi ya milimita 35 yenye alama ya AF-S, na aliyeiona kwake yuko tayari kumpa kwa malipo ya kidogo kidogo yenye nyongeza. Tumemjibu angoje mavuno.