Kabla ya Kulipa Amana, Hesabu Nauli

Ukihamia Kakamega mwezi huu na mwenye nyumba anakuharakisha ulipe amana, ngoja kidogo. Ile nyumba ya bei nafuu kule ndani inaweza kukutafuna kwa nauli.

Matatu nyingi hapa zinategemea barabara kuu moja: inatoka Kisumu, inapita Chavakali na Khayega, inaingia mjini, kisha inaendelea Lurambi na Malava kuelekea Webuye. Ukiishi kando yake, gari utapata. Ukiishi kilomita mbili ndani, ni boda au miguu yako.

Tufanye boda hadi kwenye lami ni shilingi 50. Kwenda na kurudi ni 100. Kwa siku 24 za kazi, 2,400. Kodi ya nyumba ya kando ya lami ikiizidi ya ile ya ndani kwa 1,500, chukua ya lami: umebaki na 900. Na hiyo ni bei ya siku kavu. Mvua ya Kakamega hupenda alasiri, na mawingu yakitanda, boda naye hupandisha.

Kwa safari ya kila siku, matatu ya viti 14 ndiyo ninayoipendekeza. Tatizo lake ni kwamba haina saa; huondoka ikijaa. Makanga ataapa amebakisha mtu mmoja, na baadhi ya unaowaona wameketi ndani wamewekwa tu kupamba viti. Basi la viti 33 hukupa nafasi ya magoti, ila huchukua muda kujaa. Ukiwa na haraka, liache.

Gari dogo la viti vitano huondoka mapema, na hapo ndipo mtego ulipo: likishajaa bado huongeza watu, nawe unalipa nauli kamili kwa nusu kiti. Mimi silipandi nikiwa na mtoto. Boda ni ya dharura. Sheria inamruhusu abiria mmoja tu, kwa hiyo msidanganyane kugawana nauli watatu.

Uliza nauli kabla ya kupanda, na uulize pia kama gari linafika mwisho. Kuna makanga wanaokuhamishia gari jingine njiani, na makanga wa gari la pili anadai hajalipwa. Gunia lina bei yake. Patana bei likiwa chini, si likiwa tayari juu ya keria. Beba pesa ndogondogo, maana chenji ya “nitakupa mbele” husahaulika haraka.

Je, ratiba ya saa ingesaidia? Ingesaidia, lakini kiti kitupu lazima kilipiwe na mtu, na mwenye gari hatakubali awe yeye. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya usafiri wa umma wa barabarani, basi mwulize mwakilishi wadi wako. Lakini kodi yako ya nyumba inadaiwa mwezi huu.

Kwa hiyo nenda ukapime mwenyewe. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simama kwenye steji iliyo karibu na nyumba hiyo. Usihesabu magari yanayopita. Hesabu yanayosimama yakiwa na kiti. Pale Khayega gari la kutoka Kisumu linaweza kukupita limejaa, au makanga akakukataa kwa sababu safari yako ni fupi. Magari matatu yakikupita mfululizo, omba kodi ipunguzwe au tafuta kwingine.