Masisi na Walikale: kupinga mradi kabla hati haijatoka

Mwezi wa tisa 2022, baraza la mji wa La Quinta, huko California, Marekani, lilikataa mradi wa kujenga bwawa kubwa la mawimbi ya mashine katikati ya jangwa. Wakaaji walikuwa wamelalamikia maji, kelele na taa za usiku. Kilichowasaidia ni wakati: sheria ililazimu baraza lisikilize watu na kupiga kura kabla matumizi ya udongo hayajabadilishwa.

Masisi na Walikale hatari si bwawa la mawimbi. Anayekuja ni mtu wa shamba la ng'ombe, kampuni ya madini ao mkataji wa mbao. Na mara nyingi wakaaji wanapata habari wakati mipaka imekwisha kuwekwa. Je, sheria ya Kongo inawapa nafasi ya kukataa mapema? Ndiyo, lakini nafasi hiyo inapita haraka.

Udongo ni wa nani?

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Kifungu cha 388 kinatambua udongo ambao wenyeji wanakaa, wanalima ao wanatumia kwa desturi. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki hizo. Makumi ya miaka yakapita bila ordonansi. Mlimaji anajua mpaka wake kwa mto na kwa mti, mkubwa wa kijiji anamjua, lakini karatasi hana. Anayefika na hati kutoka Goma ndiye anaonekana mwenye haki mbele ya tribinali.

Masisi inajua uchungu huo. Mashamba makubwa ya wakati wa wakoloni yaligawiwa Wazaire waliokuwa karibu na utawala, kufuatana na uamuzi wa Mobutu wa mwezi wa kumi na moja 1973. Vilima vingi vikawa malisho ya ng'ombe, na familia zilizokuwa zikilima pale zikabaki kuomba kipande cha kulima ao kufanya kazi ya kibarua. Vita vilivyoanza kwenye soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa tatu 1993 na kuenea Masisi vilikuwa na sababu nyingi: utawala, uraia, na pia udongo.

Mlango wa kwanza: uchunguzi

Kuanzia kifungu cha 193, sheria hiyo ya 1973 inasema udongo wa vijijini hauwezi kutolewa bila uchunguzi kufanywa kwanza. Wakubwa wanapaswa kufika mahali penyewe, kuhakikisha mipaka, kuandika ni nani wanaishi pale na wanafanya kazi gani, kueleza misitu, maji na barabara zilizopo, na kusikiliza kila mwenye neno. Malalamiko ya mdomo yanakubaliwa. Asiyejua kuandika hawezi kufukuzwa kwa sababu hiyo.

Shida ni kwamba uchunguzi unaweza kupita kimya. Ukifanywa wakati watu wamekimbia vita na wako kambini, nani atasema shamba hili lina mwenyewe? Hati ikikwisha kutoka na miaka 2 ikapita, inakuwa vigumu sana kuivunja. Kwa hiyo inafaa familia, hata zile zilizokimbia, ziandike orodha ya mashamba yao na majina ya majirani wa kila upande. Kijiji nacho kifanye kikao, kiandike maneno yaliyosemwa, watu watie sahihi ao kidole, na kopi zifike kwa administrateri wa teritware na ofisi ya udongo.

Mlango wa pili: msitu wa jamii

Sheria ya misitu ya 2002, kifungu cha 22, inaruhusu jamii kuomba msitu inaoushika kwa desturi. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza namna: jamii inaweza kupewa hadi hektari 50,000, bila kulipia msitu wenyewe, kwa muda usio na mwisho, na guvernere ndiye anatia sahihi. Walikale, ambako misitu ingali mikubwa, ndiko njia hii inafaa zaidi. Wambuti Babuluko wa Kisimbosa ni kati ya wale wanaolinda msitu wao kama jamii. Zaidi ya hayo, sheria ya Julai 2022 juu ya Wambuti inadai wakubali wenyewe, kwa hiari na mapema, kabla mradi haujagusa udongo wao.

Lakini karatasi ya msitu haifiki chini ya ardhi. Madini yana sheria yake. Bisie, mgodi wa bati wa Walikale, ni mfano ulio karibu. Huko haki ya jamii ni nyingine: tangu 2018, kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na kuandikiana nayo ahadi za barabara, shule na afya.

Nani anauza?

Mara nyingi neno gumu liko ndani ya kijiji. Mgeni hapati kilima bila mtu wa pale kumwonyesha, na wakati mwingine aliyetia sahihi ni mkubwa wa desturi mwenyewe. Katika msitu wa jamii, sheria inaweka baraza la wanajamii, kamati ya usimamizi, kamati ya kukagua na baraza la wazee, kusudi mtu mmoja asiamue peke yake. Vijiji visivyo na karatasi hiyo vinaweza kukubaliana leo jambo moja: hakuna sahihi juu ya udongo bila kikao cha wote, wanawake na vijana ndani.