Askari na Karatasi Zao (3): Barua za Rusty Bernstein kutoka Italia

Lionel Bernstein, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rusty, alizaliwa Durban mwaka 1920, akawa yatima angali mtoto, kisha akasomea usanifu wa majengo Johannesburg. Mwaka 1941 alimwoa Hilda Watts. Wote wawili walikuwa wanachama wa Chama cha Kikomunisti, chama kilichovipinga Vita vya Pili vya Dunia mpaka Hitler alipoivamia Urusi mwezi Juni mwaka huohuo.

Kwa sheria ya Afrika Kusini ya 1912, hakuna aliyelazimika kupigana nje ya nchi, hivyo jeshi lote lililovuka mipaka lilikuwa la kujitolea. Watu wapatao 334,000 walijiandikisha. Waliokula kiapo cha kupigana popote barani Afrika walivaa utepe mwekundu begani, na hao ndio waliopitia Mombasa na Gilgil mwaka 1940 kuelekea Uhabeshi. Mwaka 1943 kilihitajika kiapo kipya cha kwenda ng'ambo. Bernstein akaingia kikosi cha mizinga.

Divisheni ya Sita ya Vifaru ya Afrika Kusini, iliyopelekwa Italia, ilifanya mazoezi Misri, ikashuka Taranto Aprili 1944. Ikapita Roma, ikaingia Florence mwezi Agosti, kisha ikakwama katika milima ya Apennines kipindi chote cha baridi. Ni Aprili 1945 ndipo ilipouteka mlima wa Monte Sole. Vita vilipokwisha meli hazikutosha kuwarudisha watu makwao, na Agosti mwaka huo askari wa Afrika Kusini waliochoka kungoja walifanya ghasia na kuchoma majengo huko Helwan, karibu na Kairo.

Barua za miaka hiyo zimo katika karatasi za Hilda na Rusty Bernstein, Maktaba ya William Cullen, Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Anayezisoma barua za vita hana budi kukumbuka mkono wa tatu uliozipitia: afisa mkaguzi. Jina la mji, la kikosi, idadi ya mizinga, vyote vilikatazwa. Kwa hiyo barua ya askari ni shahidi dhaifu wa mapigano. Nguvu yake iko kwingine, kwenye baridi, chakula, uchovu, siasa za kambini na hamu ya nyumbani. Na huyu mke aliyeandikiwa hakuwa mtu wa kungoja tu, kwani mwaka 1943 alichaguliwa diwani wa Jiji la Johannesburg.

Mwaka 1999 Bernstein alichapisha kumbukumbu zake, *Memory Against Forgetting*. Kitabu kiliandikwa na mzee aliyekwisha kushtakiwa pamoja na wapinzani wengine wa ubaguzi wa rangi katika kesi ya Rivonia, akaachiwa huru mwaka 1964 na kukimbilia uhamishoni. Aliyeandika barua alikuwa kijana asiyejua hata kama angerudi. Kitabu na barua vikigongana juu ya jambo lililotukia Italia nje ya mapigano, barua ndiyo ya kuaminiwa kwanza.

Familia ya Bernstein iliishi Observatory, Johannesburg, si mbali na Bertrams. Bertrams, mtaa ulioanzishwa 1889, ulikuwa na maskini wa rangi zote mpaka miaka ya 1930, ilipotumika sheria ya mitaa michafu ya 1934 na wakazi weusi wakahamishiwa Orlando. Ubaguzi huohuo ulikuwamo jeshini: wenye ngozi nyeusi waliojitolea vitani, wapatao 77,000, hawakupewa bunduki. Walikuwa madereva, wachukuzi na wabeba machela. Job Maseko, mmoja wao, alitekwa Tobruk mwaka 1942, akaizamisha meli bandarini kwa bomu alilolitengeneza ndani ya kopo la maziwa. Alitunukiwa Nishani ya Kijeshi, na picha yake iliyochorwa na Neville Lewis imo katika makumbusho ya vita ya Saxonwold.

Karatasi hudumu penye nyumba na mtu wa kuzitunza. Ndiyo maana utumishi wa wengi wa askari hao 77,000 unajulikana kwa majalada ya jeshi tu, yaliyoandikwa na maafisa wao.