Kope Moja Yatosha Kusema

Mgonjwa anapopooza mwili mzima na ulimi ukakataa kutamka, jamaa wengi huanza kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Huo ni msiba juu ya msiba, kwani mara nyingi akili ni timamu na masikio yanasikia kila neno. Kinachokosekana ni njia tu ya kujibu.

Njia hiyo si lazima iwe ghali. Mwaka 2003 Tony Quan, mchoraji wa kuta wa Los Angeles, Marekani, aligunduliwa kuwa na maradhi ya neva yaitwayo ALS, ambayo hudhoofisha misuli hadi mtu asiweze kujigeuza. Yakamwachia macho. Mashine za kufuatilia macho zilizokuwa sokoni ziliuzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 2009 wasanii na watunga programu wakamtengenezea yao, EyeWriter, kwa fremu ya miwani, kamera ndogo ya PlayStation, waya na vitaa vidogo. Vifaa hivyo viligharimu kama dola 50. Kamera hufuata mboni, kompyuta hugeuza mwendo wake kuwa mstari. Quan akachora tena, na programu ikatolewa bure kwenye intaneti.

Hata hizo dola 50 zikikosekana, bado ipo njia. Mhariri Mfaransa Jean-Dominique Bauby alipigwa na kiharusi Desemba 1995, akabakiwa na kope ya jicho la kushoto. Msaidizi alimsomea herufi moja moja, naye akapepesa ilipofika aitakayo. Kitabu kizima kiliandikwa hivyo, kikatoka Machi 1997, siku chache kabla hajafariki.

Herufi zake zilipangwa kwa kufuata Kifaransa, E ikiwa ya kwanza kwa sababu hutumika zaidi. Sisi hatuna budi kupanga zetu: A itangulie, Q na X ziachwe. Pembeni yaandikwe maneno ya haraka: maji, choo, nigeuze, naumwa. Kadibodi na kalamu vyatosha.

Wasomaji wetu walioko Muscat, London au Minnesota hutuma fedha za dawa nyumbani. Tunawaomba watume na maarifa haya kwa simu. Kutazama juu iwe ndiyo, kutazama chini iwe hapana, maana kupepesa humtokea mtu bila kukusudia. Kisha mgonjwa aulizwe, na apewe muda wa kujibu.