Neno "Dawa" na Jicho la Mgonjwa: Mifano Kutoka Mtwara

Katika vijiji vya Mtwara, tangu Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, neno dawa hubeba mzigo mzito mno msimu wa kupuliza mikorosho ufikapo. Mkulima hupuliza dawa, yaani unga wa salfa uzuiao ubwiriunga. Vumbi lake humwingia machoni, nayo yakawasha na kuwa mekundu. Ndipo aendapo dukani kutaka dawa. Kwa ile ya kwanza lugha sanifu inalo neno kiuatilifu, ambalo wakulima wengi hawalitumii. Laiti lingezoeleka, huenda ingekuwa rahisi zaidi kumweleza kwamba jicho lililoingiwa na kiuatilifu huoshwa kwanza kwa maji safi mengi, kwa dakika zisizopungua 15, kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Tutazame sasa "dawa ya macho mekundu". Januari 2024, ugonjwa wa macho ulipoenea Dar es Salaam na kwingineko nchini, magazeti yaliuita kwa jina la Kiingereza, ingawa "macho mekundu" yangetosha. Ugonjwa ule uliletwa na virusi, na kwa kawaida hupona wenyewe. Kiuavijasumu hakiui virusi. Lakini wekundu si ugonjwa mmoja. Huweza kutokana na bakteria, mzio, kidonda cha kioo cha jicho au shinikizo lililopanda ghafla. Jina litajalo rangi tu humshawishi muuzaji kutoa chupa yoyote aliyo nayo.

Hapo ndipo neno matone linapopungukiwa. Matone ya kloramfenikoli hupambana na bakteria. Matone ya deksamethasoni, ambayo ni steroidi, hutuliza uvimbe na wekundu upesi, na kwa hiyo hupendwa. Lakini yakitiwa kwenye kidonda cha kuvu au cha virusi vya malengelenge huweza kuliharibu jicho kabisa, na yakitumiwa kwa muda mrefu hupandisha shinikizo lake. Tunaonelea kwamba kibandiko cha Kiswahili kisiandike "matone ya macho" pasipo kutaja aina: matone ya kiuavijasumu, matone ya steroidi.

Kuhusu tetrasaiklini ya asilimia 1, wengi husema "mafuta ya macho". Lugha inalo neno marhamu, la zamani na zuri, lisiloweza kuchanganywa na mafuta ya nazi wala ya taa. Marhamu hiyo hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki sita katika kutibu trakoma. Wengi huiacha macho yanapoonekana meupe. Ndiyo maana dozi moja ya kumeza ya azithromaisini, iliyoanza kugawiwa kwa umma nchini mwishoni mwa miaka ya 1990, ilirahisisha kazi hiyo sana.

Trakoma yenyewe huitwa vikope, na jina hili lina kasoro yake. Hutaja maambukizi ya utotoni, na papo hapo hutaja kope zilizopinda ndani zikikwaruza jicho la mtu mzima. Vidonge hutibu yale ya kwanza. Kope zilizopinda hazirudishwi na kidonge, bali na upasuaji. Bibi aliyeambiwa kuwa "dawa ya vikope" imefika ana haki ya kuisubiri, na huku jicho lake linazidi kukwaruzwa. Twapendekeza vikope libakie jina la maambukizi, na hali ile nyingine iitwe kope pinduzi, mpaka lipatikane neno bora zaidi.

Mtoto wa jicho hakuna tone wala marhamu ya kumwondoa. Jina halina kosa, ila tangazo la dukani ndilo lenye kosa.

Limebaki "presha ya macho". Asikiaye presha hudhani ni ile ya damu, akaridhika na vidonge vyake vya moyo. Shinikizo la jicho ni jingine, na matone yake, kama timololi, hutiwa kila siku kwa muda wote daktari aagizao, hata kama mgonjwa haoni maumivu yoyote. Mwenye pumu sharti aseme mapema, maana timololi huweza kumbana kifua ingawa imetiwa jichoni.