Subaru ya shemeji na mteremko wa Kitonga

Januari iliyopita dada yangu, mumewe na watoto wao wawili walikuwa wakirudi Dar es Salaam kutoka kusalimia wazee Iringa. Gari lao ni Subaru Impreza yenye turbo, lile ambalo shemeji alilinunua kabla hajaoa na amekataa kuliuza hata baada ya mtoto wa pili. Buti ilijaa mchele, viazi na ndoo ya asali.

Katikati ya mteremko wa Kitonga, nyuma ya lori, pedali ya breki ilianza kuzama. Dada anasema alimwona mumewe akikanyaga mara mbili, mara tatu, uso umebadilika, bila kusema neno. Akashusha gia, akavuta handbreki kidogo kidogo, wakafanikiwa kusimama pembeni. Gari zima lilinuka kama kitu kilichoungua.

Baada ya nusu saa pedali ilirudi ngumu kama kawaida. Fundi waliyemkuta mbele alizungusha tairi, akatazama, akasema breki ni nzima.

Shemeji alifika nyumbani na uamuzi mmoja: kununua kalipa kubwa nyekundu, zile kamata za kubana diski ambazo huonekana katikati ya rimu za magari ya mbio. Fedha alikuwa nazo, ila zilikuwa za ada. Hapo ndipo dada aliponipigia simu. "Wewe si ndiye unayeandika mambo ya ajali? Ongea na shemeji yako."

Kweli naandika mambo ya afya, na ajali za barabarani ni mambo ya afya. Shirika la Afya Duniani linasema ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Basi nikaenda gereji, nikakaa kwenye tairi kuukuu, nikauliza maswali ya kijinga siku mbili.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba breki hazili mwendo, zinaugeuza kuwa joto. Gari likitoka kasi ya kilomita 50 kwa saa hadi 100, nguvu ya kuzimwa haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ongeza abiria wanne, gunia la viazi na mteremko mrefu ambao mguu hautoki kwenye pedali, joto lote hilo linaishia kwenye diski mbili za mbele, na kiasi kidogo nyuma.

Sasa kuna namna mbili za breki kushindwa kwa joto, na mzazi yeyote anayeendesha anafaa kuzijua. Pedali ikibaki ngumu lakini gari halipungui mwendo, pedi zimepata joto kupita uwezo wake. Pedali ikilegea na kuzama, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu haifiki kwenye magurudumu. Yakipoa, mvuke unatoweka na pedali inarudi. Ndiyo maana fundi wa njiani hakuona kitu.

Kwa nini yachemke? Kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, mwaka hadi mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa kuhimili angalau nyuzi joto 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. DOT 3 inaanzia 205 na kushuka hadi 140. Nilimuuliza shemeji mara ya mwisho alibadilisha lini. Akacheka. Tangu gari lishuke bandarini alikuwa akiongezea tu.

Kubadilisha mafuta yote na kutoa upepo kwenye magurudumu manne kunagharimu chini ya kujaza tangi la petroli. Kampuni nyingi za magari zinashauri kufanya hivyo kila baada ya miaka miwili hivi. Chagua DOT 4, au DOT 5.1 ukipata, na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na ni kitu tofauti kabisa licha ya jina kufanana.

Hapa naomba nivae kofia yangu ya afya. Nimeona mafuta haya yakihifadhiwa nyumbani kwenye chupa ya soda. Ni sumu yakinywewa, na rangi yake inamdanganya mtoto. Yaache kwenye kopo lake, juu, mbali na jiko.

Baada ya mafuta, pedi. Zile za bei ya chini kabisa zinatosha gari la kwenda sokoni, lakini gari lenye turbo linalopanda hadi kilomita 120 bila kujihisi linahitaji zenye daraja la juu kidogo, za matumizi ya barabarani. Kuna kishawishi cha kununua zile za mashindano. Achana nazo. Nyingi zinataka joto kwanza ndipo zishike vizuri, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukimpeleka mtoto shule na bodaboda ikakukatiza, breki zako ni za baridi. Pia zinapiga kelele na kula diski.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa. Kwenye barabara isiyo na watu, watoto wakiwa nyumbani, punguza mwendo kutoka kama 60 hadi 20 mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Na fundi anapofungua, mwambie asipulize vumbi kwa upepo wa kompresa. Baadhi ya pedi za zamani na za kughushi zina asbesto, inayosababisha saratani. Kitambaa chenye maji kinatosha, na watoto wasisogee.

Diski za kawaida zisizo na matundu zinatosha. Zile zilizotobolewa zinapendeza, lakini matundu ni mahali pa kuanzia nyufa. Kilicho muhimu ni unene. Kwenye diski yenyewe mara nyingi pameandikwa kiwango cha chini kinachoruhusiwa, na fundi mwenye kipimo anaweza kukuonyesha kwa dakika moja. Paipu za mpira zikiwa na nyufa zibadilishwe. Zilizosukwa kwa waya wa chuma zinaipa pedali ukakamavu zaidi, nzuri ukiwa na uwezo, si lazima.

Kisha fundi akaniambia niangalie matairi ya shemeji. Tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari wa herufi DOT pembeni mwa tairi zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Yake yalikuwa hivyo. Breki husimamisha gurudumu, lakini kinachosimamisha gari ni tairi. Kama ukikanyaga kwa nguvu kwenye lami kavu na ABS inatetemesha pedali, breki zako tayari zina nguvu kuliko mshiko wa matairi. Kalipa kubwa hapo haitafupisha umbali wa kusimama.

Zina faida yake, sikatai. Kalipa za pistoni nne kutoka kwenye matoleo makali zaidi ya Impreza, mtumba wa Japani, zikiwa na diski zake kubwa, hustahimili joto vizuri zaidi. Lakini zinunuliwe jozi, mpira wa pistoni ukaguliwe, na rimu zipimwe kwanza, kwa sababu zile za Brembo za STI zinataka rimu za inchi 17. Ukiongeza nguvu mbele pekee unaweza pia kuharibu uwiano wa mbele na nyuma. Na vile vifuniko vya plastiki vyekundu vinavyobandikwa juu ya kalipa za kawaida ni urembo tu, tena vinazuia hewa ya kupoza.

Shemeji alinisikiliza huku amenuna. Akabadilisha mafuta, pedi za mbele na nyuma, na matairi manne. Matairi ndiyo yaliyouma, ila ada ilibaki.

Mwezi wa nne walikwenda Iringa tena. Wakati wa kurudi alishuka Kitonga kwa gia ya pili tangu juu, akigusa breki na kuachia. Dada alinitumia picha ya watoto wamelala nyuma, midomo wazi. Chini yake shemeji aliongeza ujumbe wake: "Shem, rangi nyekundu ya kuhimili joto ni bei gani?"