Klorini kwenye maji: tuache au tuendelee?

Wiki iliyopita mama mdogo aligoma kutia dawa kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Kisa? Kuna ujumbe umezunguka kwenye simu eti klorini inaleta kansa. Mimi sio mtaalamu, nimemaliza fomu foo tu, lakini kemia nilikuwa naipenda, nikaingia kafe nikachimba. Nilichokuta: ujumbe ule una ukweli nusu, na hiyo nusu ndio inaweza kutuua.

Iko hivi. Maji ya mto yana majani na mizizi iliyooza, ndio maana mengine yana rangi kama chai ya mkandaa. Klorini ikikutana na uozo huo haiishii kuua vijidudu, inashikana nao na kuzaa kemikali mpya zinazoitwa trihalomethani. Mojawapo ni klorofomu. Mkemia Johannes Rook wa Rotterdam, Uholanzi, ndiye alichapisha habari hiyo mwaka 1974. Marekani wakaweka kikomo mwaka 1979, mikrogramu 100 kwa lita, na sheria ya 1998 ikashusha hadi 80. Yaani gramu moja uigawe vipande milioni, uchukue 80! Na hofu yenyewe ni ya kunywa miaka na miaka, sio ndoo moja.

Kipindupindu je? Kile kinaweza kummaliza mtu ndani ya saa chache. Ndio maana Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba kupunguza kemikali hizi kusilegeze kazi ya kuua vijidudu.

Sasa mitamboni wanafanyaje? Wanatoa uchafu kwanza. Wanatia shabu, tope linagandamana linazama, maji yanapita kwenye mchanga, halafu ndio klorini. Zamani mitambo mingi ilikuwa inamwaga klorini mwanzoni kabisa, maji yakiwa bado machafu, na hapo ndipo trihalomethani zilikuwa zinazaliwa kwa wingi. Kuisogeza tu klorini nyuma ya chujio kunasaidia sana. Wengine wanaongeza chujio la mkaa maalum, wengine wanatumia ozoni, ila nayo ina mambo yake: maji yakiwa na bromidi inazaa bromati. Kila dawa na kisirani chake jamani.

Nyumbani ni vilevile. Acha maji yatulie, mimina yale ya juu, chuja kwa kitambaa safi, halafu tia dawa kwa kipimo cha kwenye chupa na usubiri nusu saa. Ukitia kwenye tope, klorini inaliwa na uchafu kabla haijawafikia vijidudu, halafu zile kemikali ndio zinaongezeka. Hasara mara mbili.

Mama mdogo ameanza tena kutia juzi, ingawa harufu bado analalamikia. Je, huko kwenu masika maji ya bomba yanatoka rangi gani? Semeni hapo chini.